Njia Hufunguliwa Kichwani kwa Mama

Msusi mmoja alikuwa na binti mmoja na vilemba arobaini. Msusi huyo jina lake Mwajabu. Aliishi katika mji wa bara ambako treni husimama robo saa kisha huendelea na safari zake, na kibanda chake cha kusukia kilikuwa nyuma ya soko, upande wa wauza mchele. Ukimtaka, hukuhitaji kuuliza mara mbili. Wanawake walitoka vijiji vya ng'ambo ya reli, wakaketi kwenye benchi tangu asubuhi wakingoja zamu, na hakuna aliyenung'unika, maana mkono wa Mwajabu, jamani, ulikuwa mkono kweli. Aliweza kuchukua kichwa kilichoshindikana, kichwa ambacho wasusi wengine wamekishika wakaishia kuvunja vitana, akakipaka mafuta ya nazi, akakichambua polepole kwa vidole, akachora njia kwa ncha ya kitana. Ukitazama tena, ni shamba lililopandwa kwa kamba. Hakuna mstari uliokwenda upande.

Wala haukuwa mkono peke yake. Alikuwa na ulimi pia. Mteja akikaa mkekani katikati ya magoti yake na kuanza kuomba radhi kwa ajili ya kichwa chake, kwamba nywele ni kipilipili, kwamba ni ngumu, kwamba hazikui, Mwajabu alimkata kauli hapohapo. Alimwambia nywele ngumu ndizo zinazoshika msuko. Zile laini huteleza, kesho zimefumuka. Alimwambia Mungu alipozisokota hakukosea, alijua anachokifanya. Aliwasifia wote, mmoja mmoja, wala hakuwa anawadanganya ili warudi. Aliamini kila neno. Wanawake waliinuka kwenye ule mkeka shingo zimenyooka, na wengine walitembea kwenda kwao kwa njia ndefu ili waonekane.

Mji ule ulikuwa na desturi yake. Binti akiolewa, Alhamisi kabla ya harusi wanawake hukusanyika uani kwao ili asukwe. Wanaume hawakanyagi. Hunywewa chai, hupigwa vigelegele, lakini bibi harusi hakai mkekani kwanza. Anayekaa kwanza ni mama yake. Mama huvua kitambaa, huinamisha kichwa, na msusi humchorea njia moja tu, kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni, kisha huisuka. Mama akishainuka, binti hukaa palepale, mkeka ukiwa bado una joto la mamaye, naye huanziwa njia ya kwanza mahali palepale alipoanziwa mama. Waliita kufungua njia. Wazee wao walisema binti hapiti penye njia ambayo mama yake hajaipita. Asiye na mama hukaliwa na shangazi au mama mdogo, na mambo huenda vizuri. Mwajabu alikuwa amefungua njia za akina mama wengi mno, hata hesabu yake aliiacha zamani.

Ila Mwajabu mwenyewe, nywele zake hakuna aliyezijua. Asubuhi kilemba, mchana kilemba, msibani kilemba, jikoni kwake akikaanga samaki, kilemba. Alikuwa navyo vya kitenge, vya batiki, vya khanga, vya kitambaa cheusi kilichotariziwa ukingoni. Alivifunga kwa mafundo ambayo mtu hawezi kuyafuata kwa macho. Wanawake wa mji wakamwiga. Mafundi cherehani wakaanza kubakiza kitambaa cha kilemba kila wanapokata gauni, na wageni wakishuka kwenye treni wakiuliza huu ni mtindo gani, waliambiwa ni mtindo wa Mwajabu. Watu waliona ni madaha. Kumbe ni pazia. Nisieleweke vibaya, msije mkatoka hapa mkaenda kuwavua watu vilemba vyao kwa ajili yangu. Kilemba ni pambo, na ni heshima. Lakini yupo anayejifunga kwa sababu anapendeza, na yupo anayejifunga kwa sababu anaogopa, na kwa nje wote wawili hupendeza. Waliomzoea walimtania kwamba kinyozi hajinyoi. Naye alicheka pamoja nao, kisha akabadilisha mazungumzo.

Aliogopa nini? Neno moja, la miaka ishirini na sita iliyopita. Alipokuwa mchumba, wanawake wa upande wa bwana harusi walikuja kumwona, na mmoja wao, akiwa anavaa viatu mlangoni kutoka, alimwambia mwenziwe kwamba binti ni mzuri, kasoro ni hicho kichwa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema mvua haijanyesha. Mwajabu alikuwa nyuma ya pazia akasikia. Kesho yake alitafuta dawa ya kulainisha nywele, akaipaka mwenyewe, na ilipoanza kuwasha hakuiosha, akasema moyoni kwamba acha iwashe, ndiyo inafanya kazi. Ilifanya kazi. Nywele zilitoka kwa mafungu, na juu ya sikio la kushoto ngozi ikatoka nazo. Alhamisi ile mama yake mzazi alikaa mkekani uani, kichwa wazi, akafunguliwa njia, akainuka, akangoja. Binti hakutoka chumbani. Njia ikafunguliwa kwa mama, ikakosa pa kuendelea. Jumamosi shela lilificha kila kitu, na baada ya shela kikaja kilemba.

Nywele ziliota, maana nywele hazina kinyongo. Mumewe, Kondo, Mungu amrehemu, aliziona zilivyorudi, akamwambia ni nzuri. Mwajabu akadhani anamliwaza tu, kama tunavyomwambia mgonjwa kwamba leo amechangamka. Akafunga kilemba chake. Kondo hakusema tena, na mtoto wao alipofika miaka tisa Kondo akafariki, na pamoja naye akaondoka mtu pekee aliyeziona zilivyoota.

Mtoto huyo ndiye Sikudhani. Mungu akimpa mtu mkono, humpa na mwanawe, ila mara nyingine huuelekeza kwingine: mama alisuka, binti alitia rangi. Nyuma ya nyumba alikuwa na masufuria makubwa meusi, na nta, na vijiti, na kamba zilizojaa vitambaa vya batiki vikipunga upepo. Hakuiga mchoro wa mtu. Alichora makuti, mizizi, miguu ya kuku, madirisha ya treni, njia za kichwani alizoziona kwa mama yake tangu hajajua kusema. Rangi yake aliyoipenda ilikuwa ya kahawia iliyoiva, na aliwaambia wateja wake kwamba ameitoa kwenye mkono wake mwenyewe, akaunyoosha wauone. Magauni yake yalivaliwa hadi miji ya mbali. Alikuwa na miaka ishirini na minne, kichwa chake kikiwa cha asili tangu kuzaliwa, kikisukwa kila Jumapili na mama yake, na alichumbiwa na seremala mmoja mpole anayeitwa Hemedi, ambaye kwake yeye Sikudhani angekuja hata na kapu kichwani, harusi ingekuwepo.

Jumapili ya kabla ya harusi Sikudhani aliweka mezani kopo la dawa na sanduku lenye wigi la nywele ndefu zilizolala. Akasema kwa adabu kwamba amekwisha kuongea na saluni ya pale kituoni, Alhamisi asubuhi watamlainisha. Kwa hiyo alasiri hatasukwa. Wageni waje, chai inywewe, lakini asukwe mwingine au asisukwe mtu. Amekuwa mtu mzima sasa, akasema, nywele hizi zilikuwa za utoto.

Mwajabu aliinamia meza. Alilijua kopo lile. Chapa ilikuwa nyingine, lakini alilijua. Aliona kichwa kile alichokishika kila Jumapili kwa miaka ishirini na minne, kila kona yake, kila mzunguko wa nywele kisogoni, akaona ngozi inatoka juu ya sikio. Hapo hofu ikampa maneno. Alimweleza mwanawe yote anayowaeleza wateja, na zaidi, kwa ufasaha ambao kibandani ungewatoa watu machozi. Sikudhani alisikiliza mikono ikiwa mapajani hadi mwisho, akasema ahsante mama, akalihamishia kopo dirishani lisimwagike. Ila kwa heshima ya mama yake aliisogeza saluni hadi Ijumaa, ili Alhamisi wageni wasiukute uso mpya kabla ya wakati.

Mwajabu akamtuma shangazi wa binti, dada yake marehemu Kondo, anayeitwa Chausiku. Huyu alikuwa mwanamke wa maneno, wifi mtani kwelikweli, asiyeshindwa na mtu. Alikaa na Sikudhani saa nzima. Alirudi akasema binti anasikia vizuri sana, tatizo hakubali. Hapo Mwajabu akamwomba na jambo la pili. Alhamisi, hata kama binti hatasukwa, desturi isife; basi Chausiku akae mkekani kwa niaba ya mama, kwa kuwa Mwajabu ndiye msusi, na msusi atajisuka vipi? Chausiku alimtazama kilemba, akamtazama uso, akasema haya. Mwajabu akapumua. Alikuwa amelifikiria jibu hilo tangu siku mtoto alipozaliwa wa kike.

Jumanne alimfuata mwanawe kule nyuma kwenye masufuria. Sikudhani alikuwa anakoroga rangi ya gauni la harusi yake mwenyewe, ile kahawia, na manjano ikisubiri pembeni. Mwajabu alianza tena, kwa upole safari hii. Akamwambia hajui alivyobarikiwa, nywele nzito namna ile, zinazoshika msuko wiki tatu. Akamwambia ni nywele nzuri kuliko zote alizowahi kuzishika, na alikuwa amezishika nyingi. Sikudhani aliutoa mti wa kukorogea kwenye sufuria, akaulaza juu ya jiwe.

“Mama, umenisifia nywele zangu tangu nizaliwe. Zako zikoje?”

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.  Mwajabu alisema ameacha maharage jikoni, akaondoka. Jikoni hapakuwa na maharage.

Sikilizeni vizuri hapa, nyinyi mliozaa. Sikudhani alipokuwa mdogo, kila Jumapili mama yake akishamsuka alichukua ndoo na sabuni, akaingia bafuni, akatia komeo. Alikawia humo. Mtoto alikaa nje kwenye kizingiti, kichwa kinang'aa mafuta, akisikiliza maji. Hakugonga, na hakuuliza. Mtoto hakiulizii kilichotiwa komeo, hujielezea mwenyewe. Akajieleza hivi: nywele zetu ni nzuri kwa watoto na kwa wateja. Mtu akishakuwa mwanamke, ni za kufungia mlango. Hakuna aliyemfundisha hayo. Hakuyakasirikia. Aliyapokea kama alivyopokea kwamba jua linachomoza upande wa reli, na alipokaribia kuwa mke wa mtu alifanya anachofanya mwanamke mzima wa nyumba yao. Alitafuta cha kufunikia. Hebu niambieni, hapo mtoto ana kosa gani?

Jumatano Mwajabu alifungua kibanda kama kawaida. Wa kwanza mkekani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kama wengine wote alianza kuomba radhi, kwamba mama utanisamehe, kichwa changu hiki. Mwajabu akafungua mdomo ampe lile jibu lake. Likagoma. Yale maneno aliyoyasema kila siku kama mtu anavyosema bismillahi, asubuhi ile hayakutoka, naye akaanza kusuka. Mstari wa kwanza ukaenda, wa pili ukaenda, wa tatu ukapinda. Benchi zima liliona. Akaufumua. Mwalimu akamuuliza kama anaumwa, akajibu haumwi, akausuka upya, lakini sasa alikuwa anafikiri. Alijaribu kumkumbuka yule mwanamke aliyekuwa anavaa viatu mlangoni. Jina hakulipata. Sura hakuipata. Hakukumbuka hata kama alikuwa mnene au mwembamba. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Basi mwanaharamu wa Mwajabu alikwishapita miaka ishirini na sita iliyopita, akavaa viatu vyake, akapanda treni, pengine hata kufa amekwisha kufa, na Mwajabu bado alikuwa amesimama pale ameshikilia kifuniko.

Alasiri ile alirudi nyumbani mapema, akasimama mbele ya kioo cha kabati, akashika fundo la kilemba. Vidole vilivyofumua vichwa vya mji mzima vikashindwa kufumua fundo moja. Alikuwa na aibu, na aliionea aibu ile aibu yenyewe. Mwishowe alikaa kitandani akamlilia mama yake, kwa mara ya kwanza tangu amzike, akimfikiria alivyokaa uani kichwa wazi, akitazama mlango wa chumba.

Alhamisi ikafika. Ua ulijaa. Walikuja wa sokoni, wa ng'ambo ya reli, wa kwa kina Hemedi, na karibu kila kichwa kilichoingia kilikuwa kimepita mikononi mwa Mwajabu, ukiona njia unajua. Walivaa vilivyovalika. Batiki za Sikudhani zilikaa safu kwa safu, mikono ya magauni imetuna, vilemba vimesimama, vikuku vinalia, na ngozi zimepakwa mafuta zikawaka kwenye jua. Mtu angepita nje angedhani ni bustani inapiga kelele. Sikudhani alikaa pembeni kama mgeni wa heshima, akitabasamu, kwa kuwa saluni yake ilikuwa kesho. Mkeka ulitandikwa. Chausiku, mwenye maneno yake, akavua mtandio, akakaa, akatangaza kwamba leo mji utaona kichwa chenye hadhi, na watu wakacheka. Mwajabu alikuwa ameshika kitana nyuma yake. Akakileta karibu na paji la uso wa wifi yake. Mkono ukasimama hapo, ukasimama, hadi kicheko kikapungua chenyewe.

“Wifi, inuka,” akasema. “Hapo ni pangu.”

Chausiku aliinuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliinuka bila neno. Mwajabu alikwenda hadi alipokaa mwanawe, akamwekea kitana mkononi, akarudi, akaketi mkekani. Fundo lililomshinda jana lilikubali. Alifungua mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, kitambaa kikaanguka magotini, na upepo ukampita kichwani mbele za watu.

Nywele zenyewe zilikuwaje? Zilikuwa nywele. Zilikuwa fupi, nzito, kipilipili hasa, zimejisokota punje kwa punje zikashikana, nyeusi nyuma, na mbele zimeingia mvi nyeupe kama mtu aliyeinamia unga. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na kovu, upana wa kidole gumba, pasipoota kitu. Basi. Ndicho kilichohitaji vilemba arobaini. Mwajabu alifumba macho akingoja kile alichokingoja miaka yote. Badala yake akamsikia Chausiku, ambaye ulimi ulikuwa umemrudia, akilalamika kwa sauti kwamba wifi yake ni mchoyo wa hali ya juu, kwamba amewalaghai wanunue vilemba ili yeye abaki na mvi hizo peke yake, na kwamba kuanzia leo hamkopeshi hata chumvi. Ua ukalipuka kwa kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu wanaompenda mtu, na Mwajabu alikitambua kilivyo.

Sikudhani hakucheka. Alipiga magoti nyuma ya mama yake. Hakuwahi kuwa msusi, lakini mtoto aliyekaa chini ya mikono ile kila Jumapili vidole vyake vilijua bila kufundishwa. Akampaka mafuta. Akachambua polepole. Akaligusa kovu kwa ncha ya kidole, akaelewa asichokuwa ameelezwa, na hakuuliza. Kisha akaweka ncha ya kitana kwenye mvi za mbele, upande wa kushoto, si katikati kama ilivyozoeleka, akaichora njia. Ilipofika kwenye kovu akaipinda, akalizunguka taratibu, akaendelea nayo hadi kisogoni. Wasusi waliokuwepo waliona kwamba mkono haukukosea, njia imepindishwa makusudi. Ilipendeza. Mwajabu alihisi vidole vya mtu kichwani kwake, vya joto, vyenye mafuta, jambo ambalo yeye aliwapa maelfu na hakuwahi kujipa, na alilia waziwazi, akiwa na furaha, bila kujificha uso.

Alipoinuka, Sikudhani alisimama kitambo kidogo akiutazama mkeka. Hakuna aliyemsukuma. Kisha akaketi palepale alipotoka mama yake, akavua kitambaa chake, akainamisha kichwa. Mwajabu akafuta macho kwa kiganja, akachukua kitana, akaanzia kushoto. Njia ya binti ilipofika juu ya sikio haikuwa na kovu la kuzunguka. Lakini Sikudhani alimwomba aipinde vilevile, ifanane na ya mama. Basi akaipinda. Njia zote zilizofuata zikafuata ile, moja baada ya nyingine, zikazunguka kichwa kama maji yanavyozunguka jiwe, na hadi adhana ya Magharibi kichwa kilikuwa kimekwisha.

Ijumaa saluni ya kituoni ilingoja bure, na kopo likarudishwa dukani halijafunguliwa, pamoja na sanduku la wigi. Jumamosi Sikudhani aliolewa akiwa amevaa gauni lake la kahawia na manjano, shela limesukumwa nyuma makusudi ili njia zionekane, na Hemedi alimtazama hadi watu wakamkumbusha kujibu. Mama wa bibi harusi alikaa safu ya mbele, kichwa wazi, njia moja imesukwa na kwingine kote nywele zimeachwa zisimame zilivyotaka. Baada ya hapo aliendelea kufunga vilemba siku za Ijumaa na za misiba, kwa kuwa vilimpendeza, na siku nyingine hakufunga. Kazini hakubadilisha hata neno moja katika yale aliyowaambia wateja. Ila wateja walisema siku hizi Mwajabu anayasema polepole, na wao wanaamini zaidi.

Haya, nendeni nyumbani. Wasifieni watoto wenu, ngozi zao, nywele zao, majina yao, lugha yao; ni haki yao na msiwapunje. Lakini kabla hujafungua mdomo, wewe mzazi unayenisikiliza, jiulize jambo moja: hicho unachokisifia kwa mwanao, kwako wewe umekifunika na nini?